Sitini na Wawili Wasiokohoa

Jumapili, 4 Novemba

Mgonjwa wa arubaini na moja leo. Hakukohoa. Wa arubaini hakukohoa. Wa thelathini na tisa — mwalimu wa hesabu kutoka Tahta, mvutaji wa sigara tangu ujana — naye ametulia kama maji mtungini. Sipendi utulivu huu.

Niliandike jambo hili kwa ukamilifu, nisije nikajidanganya baadaye. Tunapomlaza mtu kwa nusukaputi humtangulizia fentanili mshipani, dawa ya kuua maumivu. Ikisukumwa upesi, wengi hukohoa: theluthi, pengine zaidi, kwa mujibu wa kila jarida nililosoma, nami nimeyasoma yote. Kwa kawaida kikohozi hicho hakidhuru. Lakini katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi nilimlaza seremala aliyetobolewa jicho na msumari. Alikohoa mara sita mikononi mwangu. Jicho likamwagika.

Ndiyo asili ya tasnifu yangu. Lidokeni kidogo, dawa ya ganzi, dakika moja kabla ya fentanili, kwa nusu ya wagonjwa. Maji ya chumvi kwa nusu ya pili. Mabomba ya sindano hayana jina, hata mimi sijui lipi ni lipi. Wagonjwa mia na ishirini. Mimi nasimama upande wa kichwa, macho kwenye saa na mashine ya moyo, nahesabu vikohozi. Kufikia leo waliokohoa wangepaswa kuwa wanane au tisa. Ninao wawili.

Na leo nimegombana tena na Ami Bushra. Fundi wa nusukaputi, miaka thelathini na minane kazini, imebaki miezi minane astaafu. Yeye ndiye asukumaye fentanili. Lakini kabla ya kuisukuma lazima apige soga! Wajukuu wangapi, mahindi yamekuwaje, umetawadha, haya sali bwana, sali.

“Ami Bushra, saa inakwenda.”

“Iache iende, daktari. Itarudi tu. Si ya duara?”

Wauguzi wakacheka. Nikamwambia mbele yao kwamba kazi yake ni kusukuma sindano kwa sekunde mbili, si kuhubiri. Na kwamba nikitaka maoni yake nitayaomba.

“Hewala, bwana mkubwa,” akasema. “Ukiyaomba nipo.”

Sikuyaomba.

Jumanne, 6 Novemba

Nimempelekea Profesa Safinazi hesabu. Mkuu wa idara, msimamizi wangu, mwanamke asiyepoteza neno. Aliziangalia akiwa bado anakoroga kahawa.

“Basi watu wa Sohag hawakohoi,” alisema.

“Profesa, mapafu ya Sohag ni kama mapafu ya kwingine.”

“Usinifundishe mapafu, Haitham. Ukimaliza na matokeo haya, tasnifu haina kitu. Huwezi kuzuia kikohozi kisichokuwepo. Na Januari nafasi ya uhadhiri msaidizi inatolewa kwa mwenye tasnifu.”

Nilibishana naye robo saa. Nilishinda kila hoja. Nimetoka pale nikiwa sina chochote mkononi.

Ijumaa, 9 Novemba

Bweni la madaktari ni tupu. Wenzangu wote wa hapa hapa. Ijumaa wana mama, wana bata wa kuchoma, wana shangazi wanaowatafutia wachumba. Mimi kwetu Dumyat, kaskazini kabisa ya Misri, na treni ni siku nzima. Nina masanduku manne ya vitabu. Asubuhi nilikula maharagwe ya ful kwa mkate, nimesimama, juu ya ukurasa wa jarida la Kituruki.

Baada ya sala hakuna aliyenisemesha. Tangu hapo hadi alasiri sikutoa neno hata moja. Nikajaribu sauti yangu kwa kusoma sentensi moja kwa nguvu. Ilitoka imekwaruza, kama ya mtu mwingine.

Mama akapiga simu. Umekula? Nimekula. Na nani? Nikamwambia na marafiki.

Jumatatu, 12 Novemba

Nimepata jibu! Ajabu ni kwamba sikuliona mapema.

Ikiwa dawa hukohoza, na hawa hawakohoi, basi hawapewi dawa hiyo. Au wanapewa iliyotiwa maji. Fentanili huuzwa mitaani. Kila mtu anajua. Kabati lina kufuli, na ufunguo mmoja uko shingoni kwa Ami Bushra, pamoja na msalaba wake. Vichupa vitupu hurudishwa na kuhesabiwa, ndiyo — lakini nani anapima kilichokuwa ndani? Mtu anayekaribia kustaafu, mshahara huu, binti wa kuozwa.

Nimeipindua hoja kila upande. Inasimama. Ni hoja safi kuliko zote nilizowahi kujenga.

(Mapigo ya wagonjwa hayakupanda kisu kilipoingia. Yaani maumivu yalizimwa. Hili nitalitafutia maelezo.)

Jumatano, 14 Novemba

Nimekabidhi ripoti, kurasa tatu, na jedwali. Wamempokonya Ami Bushra ufunguo saa nne asubuhi, palepale kwenye korido, wagonjwa wakitazama. Uzi wa ufunguo ulijisokota na ule wa msalaba. Ikabidi ainamishe kichwa mpaka karani akaufungua.

Amesimamishwa hadi kamati ya uchunguzi ikae, Desemba kumi na mbili. Akipatikana na hatia, pensheni inapotea, na polisi wanafuata.

Alipita mbele yangu. Nilitarajia matusi, nilikuwa nimekwisha kuyaandalia majibu.

“Daktari,” akasema, “yule mama wa chumba cha tatu anaogopa barakoa. Mwonyesheni kwanza, msimbandike tu usoni.”

Kisha akaenda zake.

Wagonjwa sitini na wawili walipita mikononi mwake. Waliokohoa ni watatu.

Jumanne, 20 Novemba

Maulidi. Sikukuu. Nimebaki zamu kwa hiari, hakuna aliyeshangaa.

Mlinzi wa lango ameniletea boksi. Halua ya ufuta, ya njugu, ya dengu. “Ya Ami Bushra,” akasema, “kila mwaka huwaletea Waislamu wote wa chumba cha upasuaji. Yako ina jina.” Kweli: Dkt. Haitham, kwa mwandiko wake wa herufi kubwa zilizoinama. Labda aliagiza kabla ya yaliyotokea. Labda ni kejeli. Labda ni rushwa! Nimeifikiria kila moja ya sababu hizo kwa makini.

Nimekula halua ya ufuta, vipande vinne. Chumbani, peke yangu. Nzuri mno.

Alhamisi, 22 Novemba

Wanakohoa!

Fundi mpya, Rami, mtu mzima wa miaka arubaini asiyependa maneno, vipokea sauti masikioni mpaka dakika ya mwisho. Anafunga mkono, anasukuma, sekunde mbili, barabara. Leo wagonjwa watano. Wawili wamekohoa, mmoja mara saba mfululizo. Tangu Jumapili wagonjwa kumi na watatu, waliokohoa wanne. Hasa kama vitabu vinavyosema.

Basi nilikuwa na haki. Muuguzi mkuu ameniambia shingo upande, “Kumbe kweli, daktari. Nasi tulikula chumvi yake miaka yote.” Hakuna aliyeketi nami mezani wakati wa chai. Wananiogopa, nadhani. Mwenye haki hukaa peke yake. Nimelisoma hilo mahali pengi. Hakuna palipoandikwa akae vipi.

Jumapili, 2 Desemba

Wagonjwa arubaini chini ya Rami. Profesa ameifungua bahasha ya siri, inayosema bomba lipi lilikuwa na nini, ili tuone tunakoelekea. Waliokohoa kumi na mmoja: tisa ni wa maji ya chumvi, wawili wa lidokeni. Nambari nzuri mpaka zinatia haya!

Profesa alitabasamu, mara ya kwanza katika miaka mitatu. Akanieleza njia. Kamati ikithibitisha kwamba dawa ilichezewa, bodi ya maadili itaniruhusu kuwafuta wale sitini na wawili na kuandikisha wengine badala yao. Wagonjwa wapo. Januari namaliza.

“Na kamati isipothibitisha?”

“Ripoti ni yako, shahidi ni wewe. Itathibitisha.”

Nimempigia mama. Nimemwambia mwanao atakuwa mhadhiri. Akapiga vigelegele simuni, jirani akamuuliza kuna nini.

Jumanne, 4 Desemba

Hajati Tafida, miaka sabini na moja, ngiri. Alipolazwa mezani aliuvuta mkono wake kutoka kwa Rami.

“Yuko wapi yule Mkristo?”

“Mkristo gani, mama?” nikauliza.

“Yule babu wa sindano. Yule anayengoja mtu amalize.”

“Hayupo. Lete mkono, Hajati.”

“Siuleti! Dada yangu alikuwa hapa mwezi wa kumi, kibofu cha nyongo. Akaniambia, usiogope, yule babu hakulazi mpaka umalize shahada yako. Nyinyi mnalaza watu kama mnazima taa. Nikifa hapa katikati ya neno, utanijibia wewe?”

Rami akanitazama. Nikasema, haya, mama, maliza.

Akafumba macho. Akaitamka polepole, akiivuta, mpaka pumzi yote ikamtoka na kifua kikalala. Rami akasukuma. Sekunde mbili.

Hakukohoa.

Mmoja si hoja. Hili nalijua kuliko mtu yeyote katika jengo lile. Lakini nimekaa na fomu zangu za Oktoba, na kila fomu ina nambari ya simu.

Kinyozi wa Girga: “Yule mzee? Mtu na nusu! Aliniambia, sema taratibu, mpaka pumzi iishe, sikukati. Nikamaliza, akaitikia kwa kichwa. Sikumbuki tena kitu.” Mwalimu wa hesabu wa Tahta: vilevile. Mama mmoja wa Kikopti alisali Baba Yetu nzima, hadi amina — alimngoja hadi amina. Nimepiga simu kumi na moja. Tisa wamesema jambo lile lile, wawili hawakumbuki.

Pumzi inayotolewa yote kabla ya dawa. Ndiyo tu. Nami nilikuwa nimesimama hatua moja tu kutoka pale, mara sitini na mbili, nikitazama saa! Nilizisikia shahada zile. Tangu utoto nazisikia. Husikii kitu unachokisikia kila siku. Na katika mpango wangu wa kurasa arubaini, wenye marejeo mia na kumi, hakuna mstari unaouliza mgonjwa anafanya nini na mdomo wake.

Fentanili ilikuwa fentanili.

Nilimvua mtu ufunguo shingoni kwa sababu wagonjwa wake hawakukohoa.

Alhamisi, 6 Desemba

Kwa Profesa. Nimemweleza yote, kwa utaratibu. Alinisikiliza bila kukoroga chochote.

“Unaweza kulithibitisha?”

“Nipe wagonjwa sitini na fundi anayejua kungoja.”

“Huo ni utafiti mwingine. Mwaka mwingine.” Akaufunga mlango. “Sikiliza, Haitham. Ukisema dawa ilikuwa salama, basi kosa la wale sitini na wawili ni lako. Hukusimamia ulichokuwa unapima. Bodi haitafuta kitu, tasnifu inaanguka, Januari nafasi anapewa mwingine. Na mimi jina langu liko chini ya lako.”

“Na Ami Bushra?”

“Hawatampata na vichupa. Watamhamishia ghala, atastaafu kimyakimya. Hakuna atakayefungwa.”

“Pensheni?”

“Sehemu yake.”

“Na jina lake?”

Si mwanamke mbaya. Alinilipia ada ya mtihani mwaka wa kwanza na hajawahi kulitaja.

“Wewe hupenda kubishana,” akasema. “Mara hii usibishane. Nyamaza tu. Ni jambo jepesi mno.”

Ijumaa, 7 Desemba

Bweni tupu. Hata kusoma sikuweza. Boksi la halua bado lina vipande vitatu vya dengu.

Nimejaribu hoja ya upande wa pili, kama nifanyavyo siku zote. Kwamba lidokeni kweli inazuia kikohozi. Nambari za Rami ni za kweli. Watu wataokolewa macho. Kwamba mzee mmoja ni mmoja. Kwamba nikiwa mhadhiri nitaufanya ule utafiti wa pumzi, nitauandika vizuri, nitamtaja katika shukrani. Hoja imesimama imara. Nilipoisoma kwa sauti nikaitambua: ni dada wa ile ya Novemba kumi na mbili. Safi vilevile.

Nilitaka kumuuliza mtu. Nikapitia majina yote simuni, kutoka alifu hadi ye. Wauguzi, madaktari, watu niliosoma nao. Kila mmoja nilikuwa nimewahi kumshinda katika jambo fulani.

Jumatatu, 10 Desemba

Mama: amekwisha kuwaambia majirani wote. Ameninunulia koti la mhadhiri, la sufu, la kijivu. Anauliza mabega yangu yamebaki vilevile?

Nikamwambia yamebaki vilevile.

Jumatano, 12 Desemba

Naandika nikiwa kwenye benchi, nje ya chumba cha kamati. Saa tatu na nusu. Mkobani nina fomu zote za utafiti, na karatasi moja ya kukiri niliyoiandika alfajiri. Sijui nitatoa nini. Karani amesema wataniita kwanza.

Benchi ni moja. Ami Bushra yuko juu yake pia. Suti ya harusi za watoto wake, tai nyembamba, shingo tupu upande wa ufunguo. Aliposogea kunipa nafasi nilibaki nimesimama kama mjinga.

“Keti, daktari. Benchi ni la serikali.”

Nimeketi. Amefungua gazeti alilofungia mkate: taamiya, zile bajia za maharagwe, na majani ya jarjiri, hana siagi wala yai, yumo katika mfungo wao. Ameukata katikati akanipa nusu. Nimesema sina njaa. Ameiweka juu ya mkoba wangu.

Mwishowe nimemuuliza. Nimeuliza kama mtu anayeuliza saa.

“Ami Bushra, kwa nini ulikuwa unawangoja wamalize?”

“Wamalize nini?”

“Shahada. Sala zao.”

Ameshangaa kweli.

“Sasa mtu atakatwaje kauli, daktari? Akiwa na jina la Mungu mdomoni? Marehemu baba yangu alikatwa hivyohivyo, mezani, hapa hapa, akifika ‘utupe leo’ ya Baba Yetu. Hakuamka. Mkate wenyewe hakuuomba.” Amefuta makombo gotini. “Nikasema, hapa kwangu kila mtu atamaliza. Mwislamu, Mkristo, anayetukana serikali — amalize, ashushe pumzi, ndipo alale.”

“Hukujua kwamba kushusha pumzi kunazuia kikohozi?”

“Kikohozi?” Amecheka mpaka karani akachungulia. “Kikohozi ni chako wewe, bwana mkubwa. Mimi nilikuwa nikikuona umekodolea saa yako, nikasema huyu maskini anatafuta nini mbona hakipati.”

“Ungeniambia.”

“Ulisema ukitaka maoni yangu utayaomba.”

Nilisema hivyo. Mimi! Nimefungua daftari hili ili nisimtazame usoni. Anachungulia, bila aibu.

“Hicho unachoandika ni kifo changu?”

“Hapana.”

“Ni nini?”

“Ni kwa ajili yangu tu.”

“Mpweke wewe, mwanangu,” amesema, si kwa kulaumu, kama anavyowaambia wagonjwa kwamba mshipa wao ni mwembamba.

Mlango umefunguka. Karani ametaja jina langu kamili, la baba na la babu. Ndani namwona Profesa ubavuni, amekaa wima, hanitazami. Karani anataja tena, mara hii kwa hasira: Daktari, kamati inangoja!

Nimeanza kulifunga daftari. Ami Bushra ameweka mkono wake juu ya ukurasa, ule mkono wa sindano, na kumgeukia karani.

“Mwache kijana amalize anachoandika. Watangoja.”

Namaliza. Fomu zote nimemwekea mapajani, azishike. Nimebaki na karatasi moja na nusu ya mkate, na karani anataja jina langu mara ya tatu, nami nashusha pumzi —